Chumba Namba Saba, Kapripointi

Mbuke, nimefika.
Basi limenishusha Nyegezi jua bado halijachemka,
vidole vingali na michubuko ya maganda ya pamba
niliyomwachia Shija aimalize peke yake, akinuna.
Fedha ulizotuma nilizikunja kama ulivyosema,
nusu kwenye kitambaa, nusu kwenye kiatu cha kushoto,
na kiatu kikanifinya mpaka mjini.

Huku ni mwezi wa sita. Masika yameondoka bila kuaga.
Mawe yamekauka, na mawe, wewe unayajua,
yamekaa juu ya mawe mengine
kama watu waliokatazwa kushuka.
Nyumba za Mabatini zimeyang'ang'ania migongoni
kama mtoto wa mama asiye na mbeleko.
Halijadondoka hata moja tangu uondoke.
Nilianza kukuhesabia,
nikapotea kwenye arobaini.

Nimepita Mwaloni. Mwanamke aliyekaa juu ya gunia la dagaa
akanambia onja, nikaonja,
nikakumbuka ulivyoandika
kwamba maji ya huko hayanyweki,
kwamba siku ya kwanza ulipoyatia ulimini
ulidhani kuna mtu amelia ndani yake.
Haya ya kwetu nimeyateka kwa kiganja
pale penye kivuko cha Kamanga,
nikanywa. Najua. Usinigombeze.
Yana ladha ya chuma, na ya majani,
na kidogo ya dizeli.

Kisha Kapripointi.
Ni wewe uliyenambia jina limekopwa huko uliko,
kwamba ukipanda darini kuanika mashuka ya wageni
unakiona kisiwa chenyewe, kimelala kama mamba,
nawe ukacheka peke yako, mikono imejaa vibanio:
nimetoka Kapri nikaja Kapri,
na kote nakunja mashuka.

Binti wa mapokezi akauliza: kikazi au matembezi?
Sijawahi kuulizwa hivyo maishani.
Nikasema, matembezi.
Neno likanikaa mdomoni kama pipi ya mtu mwingine.

Chumba namba saba. Miaka minne ulikifagia,
hukukilalia hata usingizi wa mchana.
Yote niliyakuta: ufa wa ukutani wenye umbo la mguu wa kuku,
komeo linalotaka kubembelezwa juu kwanza,
na dirishani ziwa, ziwa zima,
halina habari na mtu.
Magharibi visubi vya majini vikapanda kama moshi,
vikaifuata taa; nikaizima,
nikakaa gizani nikisikiliza maji
yakipapasa mawe kama kipofu anayetafuta mlango wake.
Nilitaka kukuandikia kwamba ni pazuri.
Ni pazuri.
Godoro laini mno, mgongo umeniuma.
Saa nane usiku nikashuka sakafuni na mto,
hilo usimwambie mama.

Uliandika: asubuhi usitandike.
Liache shuka lilivyo, limevurugika,
nataka siku moja kitanda kile
kiwe kazi ya mtu mwingine.
Nikakuapia.

Asubuhi mlango ukagongwa, akaingia binti na ndoo.
Anaitwa Ng'washi, ishirini hajafika,
sketi ya sare imemzidi, ameikaza kwa pini.
Akanikuta nimepiga magoti, nachomeka kona ya shuka
kwa ule mkunjo wa bahasha
uliotufundisha siku ulipokuja likizo,
kwenye kitanda cha kamba, kwa kanga ya mama.
Tukatazamana.
Akasema, mama, hiyo ni kazi yangu.
Nikasema, najua.

Akaweka ndoo chini.
Akashika kona ya pili.